Mstari Usiotetemeka

9 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, yale mafua ya mwezi uliopita yamenitoka na sauti imerudi. Wasiwasi wangu uko kwenu. Mama hajambo? Magoti yake je? Na wewe, macho?

Usijifanye hukulisikia swali. Mama aliniambia kwenye simu, kabla hujamnyang'anya na kuanza kupiga kelele za "Haloo! Haloo!" kama unaita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Amesema daktari wa macho amekupima na ni mtoto wa jicho, yote mawili. La kushoto limebaki kuona mwanga tu, la kulia linafuata njia hiyo hiyo. Upasuaji wenyewe si mkubwa: ataanza na la kulia, kisha la kushoto. Amesema pia usikae sana na utando huo wa jicho, maana ukikomaa kupita kiasi unaweza kuliharibu jicho kwa ndani, na hapo hakuna wa kulirudisha. Wewe ukamjibu kwamba utafikiria. Baba, unafikiria nini?

Najua utabadilisha mazungumzo, basi nayabadilisha mwenyewe. Uliniuliza huku nachoma nini kutwa nzima. Unazikumbuka zile metali za chini kabisa kwenye jedwali lako la ukutani, mstari uliotengwa peke yake, ulizokuwa ukitupita nazo haraka ukisema "hizi mtakutana nazo mkikua"? Nimekua, nimekutana nazo. Ya kwangu ni lanthani. Naichukua ikiwa imeungana na asidi ya siki, chumvi nyeupe tu usiyoweza kuitofautisha na ya mezani, naitia kwenye kikombe cha kauri kidogo kama kifuniko cha kalamu, halafu kikombe kinaingia kwenye mashine ambayo ni tanuru na mizani kwa pamoja. Tanuru linapanda joto pole pole, mizani inapima bila kupumzika, na kompyuta inachora mstari wa uzito.

Kwanza yanatoka maji, mstari unashuka kisha unatulia. Halafu ile sehemu ya siki inavunjika, inatoa hewa ya ukaa na asetoni, ile harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, na mstari unaporomoka. Hapo inabaki kabonati. Mwisho kabonati nayo inaachia hewa ya ukaa iliyobaki, na unapata oksaidi tupu ambayo haipungui tena hata uichome vipi. Ngazi tatu na sakafu. Tukijua vizuri chumvi inavunjika wapi na vipi, inaweza kuyeyushwa, kupakwa kama rangi juu ya bamba na kuchomwa ibaki ngozi nyembamba ya oksaidi, na watu wa vifaa vya umeme wanaitafuta sana ngozi hiyo. Shahada yangu yote imekaa juu ya mstari huo mmoja.

Sakafu bado inanisumbua kidogo, ila itatulia tu. Wewe nenda hospitali.

Kitindamimba wako

27 Februari

Kwa binti yangu msumbufu,

Marahaba. Anayesema ni mimi, anayeandika ni mama yako, kwa sababu siku hizi mimi na kalamu hatuelewani. (Alijaribu. Nusu ya barua imo kwenye kitambaa cha meza. Ni mimi Mama.) Sisi ni wazima. Magoti ya mama yako yanalalamika kama kawaida na mwenyewe pia. (Naandika hilo kwa sababu nimeamriwa kuandika kila neno.)

Barua yako nimesomewa nikaomba nisomewe tena. Sasa nisikilize. Mimi kisu sikiogopi. (Anakiogopa. Siku ya kupimwa alimshika daktari mkono akakataa kuuachia.) Ninachosema ni hiki: wako wanaopasuliwa wakaamka wanaona, na wako wanaoamka giza tupu. Jicho langu la kulia bado linanipa kitu. Nikikaa dirishani, nikaiweka karatasi karibu na pua, na mstari ukiwa mweusi na mnene, nauona.

Nimefundisha kemia kwa chaki na taa za spiriti mpaka nikastaafu. Mizani yangu ilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikiuwekea kipande cha kadibodi. Mashine kama yako sijawahi hata kuigusa. Nataka niuone mstari wako, umeshuka ngazi zake zote na kutua sakafuni, kwa jicho nililozaliwa nalo, kabla mtu hajalichokoa. Wakiliharibu, angalau nitakuwa nimeuona. Kwa hiyo tuwekeane mkataba. Ukiniletea mstari uliokamilika, mimi nakwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kabla ya hapo wewe na mama yako mniache nipumue. (Mimi sijasaini kitu.)

Na usisahau kufunika kikombe. Chumvi yenye maji ikipata moto huruka. Wanafunzi wangu wote walitoka kwangu wakilijua hilo, hata wale waliotoka hawajui kingine. Mambo ya kazi tuandikiane hivi hivi kwa barua, simu tuachie salamu. Na uzito ukikukatalia, unajua la kufanya.

Baba yako, Pima Tena

(Anafurahi bado wanamwita hivyo barabarani. Akiitwa anageuka upande usio. Mama.)

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama, na kwamba mvua imewapunguzia vumbi ndani ya nyumba. Mimi nipo, nakula, nalala, usinitafutie kisingizio.

Mkataba wako siutaki. Hakuna mtu anayelifunga jicho lake kwenye chumvi ya watu. Naomba tutenganishe: wewe upasuliwe mwezi huu, mimi nihangaike na mstari wangu, tutakutana mbele. Ukikataa nitajua umerithi ubishi kutoka kwangu.

Maana kazi yenyewe, Baba, imenifika shingoni. Maji yanatoka vizuri. Siki inavunjika vizuri, asetoni naisikia puani. Tukifika kwenye kabonati mambo yanaharibika. Inang'ang'ania. Inachelewa kuachia, na ikiachia, inaachia kwa mafungu, mstari unashuka umepindapinda, na mwisho wa safari uzito uko juu kuliko oksaidi inavyotakiwa kuwa. Nikirudia unakuwa juu zaidi. Nikirudia tena, umeshuka kidogo ili unitie moyo bure. Chumvi ni ileile, ya chupa ileile. Nimeiosha upya, nimeikausha, nimebadilisha vikombe, nimepunguza mwendo wa joto. Hata kufunika nafunika, kama ulivyonifundisha, tangu wiki ya kwanza iliporuka ikachafua mizani na msimamizi wangu akaisafisha mwenyewe. Afadhali angenigombeza.

Yeye ananiambia nivute subira. Ana subira nyingi kwa kuwa macho yake ni mazima.

Nenda, Baba.

Mwanao

30 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba, marahaba. Tuko salama kabisa. Mvua imenyesha, vumbi limepungua, na mimi naendelea vizuri, wala usisikilize maneno ya watu. Jibu ni lile lile. Nimekaa na hili jicho zaidi ya miaka sabini, haliwezi kushindwa kungoja mstari mmoja. Labda chumvi yako ina uchafu. Labda mizani. Anza upya kana kwamba hujawahi kupima kitu. Pima tena.

Baba

Mwanangu, hapa chini naandika peke yangu, yeye amekwenda kuoga, anapapasa ukuta njia nzima akiimba ili nisijue anapapasa.

Chai anaimimina kando ya kikombe na kuendelea na hadithi yake, mimi nafuta. Gazeti analishika, kurasa anazigeuza kwa wakati wake, wiki iliyopita lilikuwa juu chini. Hayo nimeyazoea. Lakini jana nimekaa mbele yake, kwenye kiti changu, nachambua maharage, akanitazama usoni kabisa akauliza, "Hivi mama yake ametoka?" Nikashindwa kumwambia. Nikamjibu kwa sauti ya kubana pua kwamba ametoka, anarudi sasa hivi. Nikazunguka uani nikaingia tena kwa mlango wa mbele nikiita hodi. Akafurahi kweli, akaniambia kuna mgeni alikuwa ananisubiri.

Nilicheka. Kisha nikaenda jikoni nikalia.

Kumpeleka kwa nguvu siwezi, unamjua. Maliza hiyo kazi. Sijui utaimalizaje na sitakuuliza. Wewe maliza.

Mama yako

11 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mu wazima wa afya kama mimi nilivyo huku.

Nimefanikiwa. Mstari nimeuambatanisha na barua hii, nimeuchapa mweusi na mnene kama ulivyotaka, kwenye karatasi kubwa. Ngazi ni tatu na oksaidi imetulia mahali pake.

Mkataba ni mkataba. Nenda hospitali.

Binti yako

29 Mei

Binti yangu, mwanakemia wangu,

Marahaba! Mara hii sisemi ninavyoendelea, naendelea vizuri mno. (Kweli. Amekataa hata kunywa chai, anaogopa kuimwagia karatasi. Mama.)

Nilikaa nayo dirishani tangu asubuhi. Mstari wote kwa pamoja siuoni, nauona kwa vipande, kwa hiyo nimeufuata kwa kidole. Mama yako ananiongoza. Hapa unashuka, hapa umetulia, sasa poromoko, haya shika upande wa kulia. (Pua yake imepata wino.) Nilipofika sakafuni nikawa nateleza tu mpaka mwisho wa karatasi, hakuna bonde wala kilima. Nimewafundisha watoto wa watu mengi, lakini kitu kizuri namna hii hakikuwahi kutoka mikononi mwangu, kimetoka mikononi mwa mwanangu. Nimelia kidogo. Macho ni mabovu kwa kuona tu, kulia bado yanaweza.

Nimemwonyesha kila aliyepita. Hata mleta maji ameelezwa kabonati. (Alisimama na ndoo zake mpaka hadithi ikaisha, mtoto wa watu.)

Jumatatu nakwenda. Nimeahidi, na wewe umetimiza. Tuombee.

Baba

(Mkoba wa hospitali nimeupanga mimi. Ameutoa mswaki akaweka grafu. Asante, mwanangu. Mama.)

24 Juni

Binti yangu,

Mwandiko huu ni wangu. Umeona kwamba unakwenda sawa juu ya mistari. Jicho la kulia limefunguka. Sitaki kukuficha furaha yangu, maana ni kubwa: naziona nyufa za dari. Naona vumbi juu ya kabati, nikamwonyesha mama yako, akaniambia nirudishwe nilikotoka. Nywele zake zimekuwa nyeupe nikiwa sipo. Nilimtazama mpaka akaona haya akafunika kichwa. Sisi ni wazima.

Siku waliyonifungua bendeji niliuliza kwanza mama yako yuko wapi, pili grafu iko wapi. Niliitandika juu ya kitanda cha hospitali, mwanga umejaa, nikaiona yote kwa mara moja. Niliitazama kwa muda mfupi sana. Nikaikunja.

Mwanangu, mstari uliopimwa unatetemeka. Hata mashine iwe ya thamani gani, mlango unafungwa, mtu anapita, umeme unapwaya, mizani inasikia, na mstari unaonyesha. Huu wako hautetemeki popote. Na sakafu yake imetua hasa pale hesabu za kitabuni zinaposema itue, bila unywele kuzidi. Hakuna kitu kilichowahi kupimwa kikatua hasa pale. Umekaa na kikokotoo na rula, ukachora. Nilisahihisha daftari za wanafunzi wavivu maisha yangu yote, hiyo kazi naijua.

Sijui nani mwingine ameuona. Naomba Mungu iwe ni mimi peke yangu.

Nimeumia. Nililala pale kwenye meza ya upasuaji, kile kisu kinakuja, nikajipa moyo kwamba mwanangu amefika. Kumbe nilikuwa nimeshika karatasi ya kudanganyia mtoto. Ungeniandikia tu, "Baba naogopa utapofuka," ningekwenda.

Daktari anataka la kushoto mwezi ujao. Nimemwambia lingoje. Lile litangoja mstari wa kweli, na mara hii nitausoma mwenyewe.

Baba

(Ameiacha mezani atafute bahasha. Hata ungemwandikia hivyo, asingekwenda. Mama.)

20 Agosti

Mwanangu,

Habari za huko? Huku si nzuri sana, ndiyo maana nakuandikia bila kumwaga salamu. Hujamjibu, naye hasemi, lakini kila mtu wa posta akipita anasimama mlangoni. Kukupigia simu amenikataza, na najua ningekupigia ningelia tu.

Jicho la kushoto limeanza kuwa jekundu. Linamuuma mpaka kichwa, anasema ni vumbi. Nilikwenda peke yangu kumweleza daktari, akaniambia aletwe upesi, hilo si la kungoja. Haletwi. Anasema neno lake ni neno lake.

Wewe na baba yako mmefanana. Nawapenda, lakini mnanichosha.

Mama

5 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Sina haki ya kuuliza hali yako baada ya kunyamaza hivi, lakini naiuliza. Jicho likoje? Nimesikia.

Nilinyamaza kwa aibu. Kila nilipoanza barua ilikuwa inajitetea, nikaichana. Basi hii haijitetei. Nilichora. Nilikokotoa uzito wa kila ngazi, nikaunganisha, nikachapa. Hakuna mwingine aliyeuona, si msimamizi wangu wala mwenzangu yeyote wa maabara, na kwenye kazi yangu haumo. Nilifanya hivyo siku ileile niliyosoma kwamba umemwuliza Mama kama Mama ametoka.

Barua ya Mama ya juzi iliponifikia, nilikaa mbele ya kompyuta na nikajua kabisa namna ya kuchora mwingine. Safari hii ningeutetemesha. Ningeiweka sakafu juu kidogo ya hesabu, ningeupa mshtuko mmoja pale katikati kama mtu amebamiza mlango. Usingejua, Baba. Nilikuwa nimeshaanza. Kisha nikafuta, kwa sababu uliandika kwamba utausoma mwenyewe, na sikuweza kuvumilia kukuwazia ukiusoma.

Nikaenda maabara nikakaa mbele ya mashine bila kufanya kitu, nikakiangalia kikombe kikingoja na kifuniko chake juu. Na hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu nifike. Hewa ya ukaa ikitoka kwenye kabonati inakwenda wapi? Haiendi popote. Kifuniko kina tundu dogo tu. Hewa inabaki imelala juu ya chumvi, na kabonati inayotaka kuiachia inakuta nyumba imejaa, inaishikilia. Kila siku nilikuwa nakiweka kifuniko kwa namna tofauti kidogo, kimekaza leo, kimeinama kesho, ndiyo maana kila siku uzito ulikuwa mwingine.

Sikukishuku kwa sababu ni chako. Chumvi niliishuku, mizani niliishuku, nilijishuku mimi mwenyewe. "Funika kikombe" sikuwahi kuishuku.

Basi nilitia chumvi kiasi kidogo sana, nikaitandaza nyembamba, nikaondoa maji kwa moto wa chini kabisa ili isiruke, nikaacha wazi. Ikashuka ngazi zake zote. Nimerudia, ikashuka tena. Mstari wa kweli ndio huu. Utaona unatetemeka. Sakafu iko juu ya hesabu kwa unywele, naamini ni unyevu, oksaidi hii ina kiu. Pamoja nao nimekuwekea mistari yote mibaya tangu Februari, ili uione jinsi ilivyokuwa.

Najua unataka niseme najuta. Kwa kuchora matokeo, najuta, na sitarudia. Kwa jicho la kulia, Baba, nimejaribu kujuta na nimeshindwa.

Tafadhali nenda leo. Usingoje hata kuijibu barua hii.

Binti yako

20 Oktoba

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na umekula kabla ya kuifungua barua hii, kama hujala nenda ukale kwanza. Mama yako hajambo. Yuko hapa, amesoma yote niliyoandika na amesema hana la kuongeza, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba hii.

Nilikwenda siku ileile niliyopata barua yako. Mstari nilikuwa nimeuona kwa kuupitia tu, mlangoni, mama yako ameshanishikia koti. Ulikuwa unatetemeka.

Jicho la kushoto halikurudi. Nakuandikia kama lilivyo, na nilimkataza mama yako kukupigia, maana simu ingekufikishia kilio kabla ya habari. Utando wameutoa vizuri, lakini nyuma yake kulikuwa kumeshaharibika. Daktari anasema ule utando uliokomaa ulivuja, shinikizo likapanda ndani ya jicho, na mshipa wa kuonea ukafa. Lini hasa, hajui. Maumivu yamekwisha. Giza limebaki, nalo si baya kama nilivyoliogopa, lipo upande mmoja tu.

Baada ya hapo nilikuwa na muda, nikaitandika mistari yako yote sakafuni, ile mibaya na huu mzuri, nikaipitia mmoja mmoja. Ni kifuniko, kweli. Inaonekana wazi sasa. Kwa hiyo miezi yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakaa juu ya kikombe chako, kutoka mbali huku, na kuizuia kabonati isipumue. Na mstari ulipochelewa, nikalichelewesha jicho kwa kuungojea mstari. Nikijaribu kuona nani alimponza nani, nafika kwangu kila nikianza. Wewe usilibebe hilo. Sikulisema ili ulibebe.

Nilimuuliza daktari swali moja zaidi, mama yako akiwa nje. Nikamuuliza, na la kulia je, kama nalo lingengoja mpaka Septemba? Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema lingekuwa kama mwenzake.

Nimekaa na jibu hilo wiki nzima. Jicho nililonalo ni lile ulilonidanganyia. Lile tulilokwenda nalo kwa ukweli ndilo lililokufa. Ningekuwa bado na darasa, nisingejua niwaambie nini watoto kuhusu jambo hili, pengine ningewapa zoezi la kusoma nikatoka nje kuvuta hewa.

Basi nakuambia mambo mawili, na usinitake niyapatanishe. Kama mwalimu wako: usichore tena matokeo usiyoyapima, kwa ajili ya mtu yeyote, hata nikiwa mimi. Kama baba yako: asante. Nimeandika neno hilo mwenyewe, na nimelisoma, na naliona vizuri.

Baba yako